Jalada Lisilo na Chozi

Watu waliowekwa kwenye jalada la jarida la Grand Perron hawakuwa wakicheka. Ghislain, mhariri mkuu, alisema kucheka ni kazi ya wanaouza dawa ya meno, na msomaji wake hapendi kuuziwa kitu. Msomaji wake ana nyumba Uccle, mtaa wa matajiri, na nyingine ufukweni, ana mtu wa kumfungulia lango, na akishika jarida anataka kukutana na mtu asiyemhitaji. Kwa hiyo uso wa jalada ulikuwa mkavu, mikono haina kazi, na kandokando nafasi tupu, tupu kabisa, maana nafasi ndiyo kitu ambacho mama mwenye watoto watano katika vyumba viwili vya Schaerbeek hatakipata kamwe. Bei haikuandikwa mbele hata siku moja. Ukiuliza bei, basi jarida si lako.

Rolande alizijua sheria hizo kama sala ya Baba Yetu. Yeye ndiye aliyepanga majalada pale, binti wa Lubumbashi, Kongo, aliyesomea kazi yake hapa hapa Brussels, na kwa miaka alikuwa amefuta jasho, chunusi na mikunjo ya wenye pesa bila kuwaza sana. Kazi ni kazi. Kinyaa kilimwanza siku alipofungua picha mpya za Arnaud, mpiga picha wa jarida, akakuta mama yake mzazi anamtazama.

Maman Victorine alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu peku, kitenge kimefungwa kifuani, nywele hazijachanwa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Yalikuwa matanga ya dada yake mkubwa Mathilde, yaya kama wanavyoita kwao, aliyefia nyumbani, Likasi. Nauli ya ndege haikupatikana, basi ndugu wakakodi ukumbi Schaerbeek, wakalia huko. Rolande alikwenda na Arnaud, ambaye alisema anataka kutoa pole kama mwenzake wa kazini. Alikuja kutoa pole na kamera shingoni.

Sasa ujue desturi ya watu hawa. Kilio cha ugenini hupigwa picha na kutumwa nyumbani, ili waliobaki na maiti waone kwamba hata huko Ulaya marehemu alililiwa. Mzungu akiingia na kamera, nani angedhani vingine? Maman Victorine alidhani binti yake amekodi fundi wa picha. Akamwita karibu, akamgeuzia uso wote, akamwambia, "Piga muzuri, papa. Batoto ba yaya yangu baone vile minalia." Arnaud hakuelewa neno hata moja. Alichoona yeye ni kwamba mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri.

"Huyu ni malkia," Ghislain alisema, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Rolande. "Hana haja na mtu. Tazama anavyokaa."

Rolande akamwambia kwamba huyo ni mama yake, na kwamba hapo alikuwa msibani. Ghislain akaweka mkono kifuani, akasema kwamba kama ni hivyo heshima ni kubwa zaidi. Machozi yaondoke, maana machozi humwomba msomaji kitu. Masikioni ziwekwe hereni za dhahabu za sonara aliyelipia tangazo la ukurasa wa nyuma. Na chini, kwa herufi ndogo, yaandikwe maneno haya: Ukimya, anasa ya mwisho.

Ukimya gani? Siku ile wanawake walilia mpaka jirani wa juu akashuka kulalamika.

Hata hivyo Rolande hakugoma. Alijidanganya kwamba mama ataonyeshwa kwanza, na pengine atafurahi, kwani nani hapendi kupendeza? Akaanza kufuta. Chozi la shavuni likaondoka, la puani likaondoka, na lile la kidevuni, lililokuwa karibu kudondoka, akalifuta akiwa ameangalia pembeni.

Jumapili, baada ya misa, akampelekea mama yake nakala. Maman Victorine alikuwa jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao. Akajifuta mikono, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda.

"Machozi yangu mulipeleka wapi?" akauliza.

"Baliitoa, maman. Ni vile banapenda."

"Na hii zahabu?"

Rolande akageukia chungu, akapunguza moto. Mama yake akavuta kiti, akakaa.

"Wewe ni mutoto ya kule, unajua. Muntu anakaa ku kilio ya yaya yake, macho makavu, zahabu ku masikio. Bon. Likasi batasema nini? Batasema Victorine alikula yaya yake. Batasema mi ni mulozi, alors sasa minafurahi."

"Jarida hii haifikake Likasi, maman."

"Itafika. Sisi tulikosa ndege, lakini kitu mubaya haikosake ndege. Na mupaka leo batoto ba yaya banauliza picha ya kilio iko wapi."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Rolande zaidi. Mama yake, ambaye alilea nusu ya watoto wa marehemu, angeitwa mchawi kwa sababu tajiri wa Uccle hapendi kuona chozi akiwa anakunywa kahawa. Na kikulacho ki nguoni mwako: mkono uliofuta ulikuwa wa mwanawe.

Jumatatu akaingia ofisini kwa Ghislain kabla hajavua koti. Picha ile haitoki, alisema. Mama hakuruhusu.

Ghislain akafikiri. "Tunaweza kurudisha chozi moja," akasema. "Moja linavumilika. Moja lina hadhi."

Rolande alimtazama usoni, akatafuta hata chembe ya aibu, hakuiona. Akamwambia kwamba picha ikitoka, atakwenda kwa mwanasheria, na kila saluni ya Matonge, mtaa wa Wakongo, itajua habari hiyo kabla ya jioni. Ghislain akakubali mara moja, kwa upole wote, akaomba na radhi. Arnaud akatoa picha zote za matanga, na siku ile ile Rolande akazituma Likasi na machozi yake yote. Watoto wa Mathilde wakajibu kwamba wameona, Mungu ambariki maman mudogo. Rolande akadhani yamekwisha.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Jarida lilipotoka, Rolande alikuwa likizoni, na jalada alipewa mwingine kulipanga. Binti mwembamba kutoka wakala wa wanamitindo ameketi chini kwenye mkeka, miguu peku, kitenge kimefungwa kifuani, nywele zimevurugwa na fundi, hereni zile zile za sonara. Shavuni ana tone moja la gliserini, chozi la bandia. Ukimya, anasa ya mwisho. Lilisifiwa sana, na wasomaji wakaandika kuuliza mkeka ule unapatikana wapi.

Rolande alinunua nakala, kwa sababu hakutaka mama yake akutane nayo kwa daktari wa meno. Akamwekea mezani. Maman Victorine akaitazama, akamwonea huruma yule binti kwanza.

"Huyu mutoto analilia nani?"

"Hakuna muntu, maman. Balimulipa."

Mama yake akaligeuza jarida uso chini. Akainuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono polepole mpaka viwikoni, jinsi watu wanavyonawa mlangoni wakirudi kutoka makaburini, kabla ya kugusa chakula. Hakufunga maji. Akasogea pembeni, akamngoja binti yake.

"Nawa na wewe," akasema. "Unatoka kule kwabo."