Mlango wa Sentimita Sabini

Nerys alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea teknolojia ya usanifu wa majengo huku ameajiriwa: siku nne ofisini mjini Swansea, Wales, ya tano chuoni, ada juu ya mwajiri. Lakini aliyemfundisha kazi hasa ni Gethin Probert wa meza ya pili, mchoraji wa miaka sitini na mmoja ambaye shahada hakuwahi kuwa nayo.

"Chuo kimekufundisha kubofya," Gethin alikuwa akimtania. "Njoo nikufundishe kuona. Bibi yako akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mlango huu atapita, au tumwache nje na mvua?"

"Bibi yangu atauvunja, Gethin. Humjui yule!"

Mwezi Machi walimaliza ramani za nyumba ya wazee. Gethin akazikagua, akatia saini. Nerys ndiye aliyepaswa kumtumia mjenzi. Akazituma mbiombio, treni ya chuoni isimwache, bila kutambua kwamba faili aliyoituma ilikuwa ya zamani, yenye milango ya bafu ya upana wa sentimita sabini.

Mjenzi alipopiga simu, milango kumi na minane ilikuwa imeshawekwa, na kiti cha magurudumu hakipiti hata katika mmoja.

Meneja, Bi Maddox, akawaita wote. "Nani alituma ramani hii?"

Wiki iliyofuata Nerys alikuwa na mtihani wa mwisho wa shahada, wa mdomo. Nitasema, alijiambia, ngoja nipumue kwanza.

"Saini ni yangu," Gethin akasema. "Nibebesheni mimi."

"Sikuuliza saini, Gethin. Nimeuliza aliyetuma."

"Na mimi nimeshajibu."

Nerys akainamisha macho. Alipanga kumwendea Gethin kesho yake, kisha keshokutwa. Mtihani akaufaulu vizuri. Miezi mitatu baadaye, kwa kosa lile la milango, Gethin akaombwa astaafu mapema. Siku ya kumuaga walikata keki, na kwenye kadi Nerys akaandika, "Asante kwa yote."

Mwaka mzima maneno hayo yalimkera rohoni. Jumamosi moja akaenda nyumbani kwa Gethin, akamkuta bustanini aking'oa vitunguu.

"Gethin, ile ramani niliituma mimi."

"Najua. Saa ile ilipotumwa, mimi nilikuwa nimeachama kinywa kwa daktari wa meno."

"Mbona hukunitaja?"

"Ulikuwa na mtihani. Na kukosea, nani hajakosea?" Akakung'uta udongo mikononi. "Nilikaa pale miezi mitatu, Nerys, hatua mbili kutoka mezani kwako. Sikutaka uende kwa Maddox. Nilitaka uniambie mimi tu."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ila kazi ile nilikuwa naipenda."

Nerys aliinama akamsaidia kukusanya vitunguu, machozi yakimdondoka, na Gethin akajifanya hayaoni.

Jumatatu alimweleza Bi Maddox kila kitu. Akapewa onyo la maandishi, na simu ikapigwa palepale kumwomba Gethin arudi, japo kwa siku mbili kwa wiki. Gethin alishukuru sana. Akasema hapana, macho yake yamechoka.

Nerys alisimama pale akisikiliza. Alijua macho ya Gethin hayakuwa na tatizo lolote.