Nusu Yangu, Nusu ya Yunis

Jicho la kulia la Bibi Matrida lilianza kuona ukungu mwezi wa pili. Daktari wa macho mjini Musoma alilimulika kwa taa yake, kisha akaniambia mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho imevimba. Akampa vidonge vya kutuliza uvimbe, vinane kila asubuhi baada ya chakula. Baada ya wiki mbili ukungu ulipungua, tukashangilia. Wiki ya tano ukarudi mzito kuliko mwanzo. Daktari akasema mambo yakiendelea hivi, jicho litakwenda.

Mimi ni fundi simu pale mtaa wa Mukendo, Musoma, na nina hasira za karibu, sifichi. Bibi huyu ndiye aliyenilea. Nilimpigia Jenipher, binti wa baba yangu mkubwa, anayesomea Mwanza mambo hayohayo ya mishipa.

"Njoo umwone kabla yeye hajaacha kukuona," nilimwambia.

Jumamosi nikampokea stendi ya Bunda kwa pikipiki. Tulikunywa chai kwanza, akanieleza.

"Ukuta wa ndani wa mshipa si bomba la plastiki, kaka. Ni seli hai. Askari weupe wa damu wanapitaga hapo wakiteleza tu. Kukiwa na hatari, seli za ukuta zinaotesha molekuli za kunasia, kama mikono. Zinawadaka askari, wanasimama, wanapenya kwenda kupigana."

"Na kama hakuna adui?"

"Ndiyo ugonjwa wa Bibi huo. Mikono imetoka bure, askari wanaingia jichoni na kuharibu. Mimi nazikuza seli hizo kwenye visahani maabara. Nazichokoza zitoe mikono, naweka dawa, halafu nahesabu askari wanaonata. Dawa ikitosha, seli zinaacha kutengeneza mikono. Ikipungua, mikono inaota tena."

"Ya Bibi haipungui. Vidonge nampelekea mwenyewe."

"Kumpelekea na kumeza ni mambo mawili," alisema, akamaliza chai yake.

Njia nzima hadi Butiama kichwa changu kilikuwa kinapanga vina. Sikufundishwa shairi na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole hadi vikazoea. Tulipofika, Bibi alikuwa uani anapepeta mtama, jicho moja kalifumba.

"Mume wangu umekuja!" alisema. "Na huyu mke mwenzangu umemwokota wapi? Amekonda, hapiki?"

"Nasoma, Bibi," Jenipher alicheka.

"Kusoma hakukatazi kula."

Nikasimama mbele yake, nikamwambia nina dawa ya maneno, nikaghani:

*Damu yapita njiani, askari ndani yake,*
*Yowe likija nyumbani, mikono na iwadake,*
*Na mwizi hayuko ndani, ndipo nyumba ivunjike,*
*Meza dawa yote, Bibi, jicho lako liokoke.*

Bibi aliweka ungo chini. "Hilo la yowe nalijua. Mwaka ule walipiga yowe kwa mzee Ngolo, sungusungu wa ulinzi wa kijiji wakaja na marungu, wakang'oa mlango, wakabomoa ghala. Kumbe ni fisi alipita tu. Sasa jicho langu ndilo ghala la Ngolo?"

"Ndilo hilo!" Jenipher aliruka. "Na dawa ndiyo inayosema rudini, hakuna mwizi."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi hata magoti ya jirani yangu Yunis yamepigiwa yowe. Yamevimba hivi. Nilifanya vizuri kumpa vinne."

Jenipher akanigeukia.

"Vinne vya nini, Bibi?" niliuliza.

"Vidonge. Nilipopata nafuu nikamwonea huruma. Nusu yangu, nusu ya Yunis. Ulitaka nimeze peke yangu kama mchawi?"

Sikumngoja amalize. Bibi Yunis anakaa ng'ambo ya uzio. Nilimkuta anachambua dagaa, nikamfokea mbele ya kuku wake: "Unamla Bibi yangu jicho! Unalimeza kila asubuhi!"

Hakupandisha sauti. Alijipiga kifuani mara moja. "Baba yako amenyonya hapa, Matrida alipokosa maziwa. Miezi sita. Kaa chini, ndipo ufoke."

Nikakaa. Masikio yaliniwaka.

Bibi akafika nyuma yangu, fimbo mkononi, anahema. "Muombe radhi! Nikimnyima huyu dawa, nitautazama uso wake kwa jicho lipi?"

Niliomba radhi, na niliimaanisha. Lakini kuhusu vidonge Bibi hakubadilika. Alisema heri awe chongo kuliko kuitwa mchoyo, na kwamba jicho la kushoto linatosha kutuona sisi na upuuzi wetu. Nilijua jicho la kulia limeshapotea.

Jenipher, aliyekuja na Bibi, ndiye aliyekuwa anamwangalia Bibi Yunis. Muda wote huo bibi huyo alikuwa amekunywa vikombe vinne vya maji, na sasa anachota cha tano.

"Bibi, kiu hii imeanza lini?"

"Tangu magoti yapoe kidogo. Nakunywa mpaka naamka mara nne kwenda chooni. Nilidhani ni dagaa."

Jumatatu niliwapeleka wote wawili Musoma. Sukari ya Bibi Yunis ilikuwa imepanda kupita kiasi. Daktari mwingine pale hospitali alimpima na magoti, akasema yamesagika kwa uzee na mizigo. Dawa ya Bibi haikuwa yake, na ndiyo iliyopandisha sukari. Akamwandikia namna ya kuiacha polepole, kwa sababu ukiikata ghafla mwili unaanguka, na akampa dawa yake mwenyewe ya magoti.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nimekuwa nampa ugonjwa?"

"Umempa upendo, mama. Ila kwa kijiko kisicho chake."

Hapo ndipo alipolia. Siku zote hizo hakuwa amelilia jicho lake. Bibi Yunis alimvuta kichwa, akakilaza begani. "Nyamaza, wewe. Ningekuwa na vinane mimi, nawe ungepata vinne."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Bibi Yunis anavuka uzio kwa magoti yake mabovu, anakaa mbele ya Bibi na kuvihesabu vinane vyote vikishuka. Akibakiza kimoja mkononi anampiga kofi kiganjani. Wanachekana, wanatukanana, wanakunywa uji usio na sukari, wote wawili, maana Bibi amekataa kuwekewa sukari peke yake.

Baada ya wiki sita daktari wa macho alimziba Bibi jicho la kushoto, akanyoosha mkono.

"Vidole vingapi, mama?"

Nilishika ukingo wa benchi. Bibi akasogeza uso, akakunja paji.

"Vitatu," alisema. "Na kucha zako zimeota, mwanangu. Huna mke?"