Habari Isiyobebwa na Mdomo Mmoja

Simu ililia wakati mikono ya Zenash imo kwenye unga. Ilikuwa mchana wa kuamkia Pasaka ya Kiyahudi, na unga wa mkate wake usiotiwa chachu ukishatiwa maji hausubiri mtu. Ukichelewa kidogo tu unaanza kuumuka, na ukiumuka ni wa kutupa. Akaibana simu kati ya sikio na bega, huku anaendelea kukanda.

Alikuwa karani wa hospitali. Alimuuliza kama yeye ndiye binti wa Ayelign, kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwenye simu nyingine za kupiga, kwamba mzee amefariki asubuhi ile. Mazishi yangefanyika leo leo kabla jua halijazama, na jamaa mmoja tu ndiye angeruhusiwa kusimama, tena kwa mbali.

Zenash alisema ndiyo. Akasema ahsante. Mikono yake ikaendelea kukanda, kuviringisha, kubandika kwenye kikaango, kana kwamba ni mikono ya jirani aliyekuja kusaidia.

"Nani huyo?" mama yake, Wagaye, aliuliza kutoka sebuleni.

"Watu wa hospitali. Wanasema Baba amelala."

"Si nilikwambia? Mtu yule akipata kitanda cha bure, hata umwamshe kwa ngoma haamki."

Mama akacheka peke yake. Tangu mumewe achukuliwe na gari la wagonjwa, hakuwa amecheka.

Zenash alijifungia bafuni, akafungua bomba maji yapige kelele, akampigia kaka yake, Fentahun. Kaka alikuwa ameshapigiwa. Yeye ndiye angekwenda makaburini. Akamwomba dada yake jambo moja: asimwambie mama peke yake.

Hakukuwa na haja ya kueleza. Kwao, tangu huko Gondar walikotoka, habari ya kifo haipigiwi simu wala haibebwi na mdomo mmoja. Ndugu hukusanyika alfajiri, wakaingia nyumbani kwa pamoja, wakakubana huku na huku, ndipo mkubwa wao anaposema, na ukianguka unaangukia mikononi mwa watu. Shangazi Abeba alipigiwa simu kuhusu kifo cha mwanawe miaka ile walipokuwa wageni hapa Rehovot, katika nchi ya Wayahudi. Alikuwa peke yake jikoni. Akaangukia jiko, na mpaka leo mkono wake wa kushoto hauinuki. Tangu hapo ukoo mzima uliapa jambo lile lisirudiwe.

Lakini usiku ule kulikuwa na amri ya kutotoka nje mpaka saa moja asubuhi, kwa sababu ya korona. Basi wakakubaliana: asubuhi amri ikiisha, ndugu wote wa mtaani watakuja kwa miguu. Zenash akaze moyo mpaka hapo.

Akakaza. Jua lilipozama walikaa wawili kwenye meza ya watu kumi na wanne. Mama alisimulia, kama ilivyo desturi ya usiku huo, Waisraeli walivyotoka Misri, akachanganya na safari yao wenyewe, walivyovuka Sudani usiku, Ayelign akimbeba Fentahun kifuani na kumziba mdomo asilie. Akaimba. Akamtania Zenash kwamba mkate wake ni mgumu kama roho ya Farao. Zenash alitafuna, na kila tonge lilishuka kama jiwe kisimani. Mama alimtengea mgonjwa wake paja la kuku, akalifunika vizuri kwa sahani, eti asije akasema walimlia sehemu yake.

Asubuhi mama alitoka kwenye roshani, ghorofa ya pili, kuota jua. Zenash alimsikia akicheka tena, akatoka mbio.

Chini, kwenye maegesho ya magari, ndugu walikuwa wamesimama. Shuka nyeupe mabegani, barakoa usoni, kila mtu katika nafasi yake kati ya mistari iliyochorwa, mbali na mwenzake. Alfajiri ilikuwa imekwisha kupita; jua lilikuwa limeshika mapaa.

"Fentahun, mmejipanga kama magari," mama aliwaambia, akipunga mkono. "Mmekuja kunisalimia sikukuu, na mimi sijapika kitu. Abeba, na wewe umekuja na miguu yako mibovu? Mbona hamjibu, barakoa zimewaziba masikio?"

Hakuwatambua kwa walichokuja nacho. Msiba aliokuwa anaujua huja umeshikana, haujitengi namna ile.

Shangazi Abeba alivuta shuka akafunika macho. Mjomba mkubwa, ambaye jukumu la kusema lilikuwa lake, aliinua kichwa, akafungua kinywa, na pale pale ikaonekana kwamba itabidi apige kelele ili asikike ghorofani. Kulia na kushoto majirani walikuwa kwenye roshani zao wakitazama. Akakifunga.

Zenash alimkumbatia mama yake kwa nyuma, mikono miwili chini ya makwapa, akaegemea ukuta.

"Unanibania nini wewe? Nazungumza na watu."

"Hawakuja kwa sikukuu, Mama. Baba amefariki."

Mkono wa mama ulibaki juu, haujamaliza kupunga. Hakulia. Uzito wake wote ukamjia Zenash kifuani.

"Wanajua wote?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Jana mchana."

Mama aliwatazama wale watu chini, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Jana nilicheka," alisema. "Zenash, jana mimi niliimba."

Huko chini Fentahun alikuwa ameshaacha nafasi yake, anakimbilia ngazi, na wengine nyuma yake, wakigongana mabega.