Zamu ya Upepo

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Patrobas Nabiswa alifunga waya wa redio yake kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaketi mlangoni kusubiri taarifa ya hali ya hewa. Akina mama wa mtaa wa Makongeni walikuwa wameshamzoea. Walijua kwamba shuka mbichi ikianikwa upande wa kushoto sauti ya mtangazaji inakwama, basi wakawa wanaanika kulia. Patrobas alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, lakini ugonjwa wake ulikuwa hali ya hewa. Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa jirani yake Mbuthia, seremala, mtu ambaye hakuwahi kukubali jambo bila kulibishia kwanza.

Mwaka ule wa themanini na nne masika yalikataa kuja, na mfereji wa uani ulikuwa ukikohoa hewa tu. Redio ilikuwa imesema kwamba huko baharini, kaskazini mwa Madagaska, kuna upepo na mawingu yanayojikusanya, na kwamba huenda yakakua yawe kimbunga, au yasikue. Patrobas alishikilia kwamba yatakua. Mbuthia alisema hakuna kitu hapo, na kwa ajili ya mawingu ambayo hakuna aliyeyaona wakanuniana wiki nzima. Jumamosi hiyo mtangazaji alisema mfumo ule umepotea na wataalamu hawauoni tena.

"Si nilikwambia?" akasema Mbuthia.

Lakini Patrobas alikuwa anautazama mfumo wenyewe. Ulikuwa juu ya kamba za nguo, wingu la kijivu lisilozidi upana wa turubai la mkokoteni, likizunguka polepole kufuata mshale wa saa, na katikati lina tundu lililoonyesha anga.

"Ni mdogo," Mbuthia alisema alipomaliza kuukagua.

"Umetoka mbali," Patrobas akautetea, ingawa mwenyewe alichanganyikiwa. Alikuwa ameuombea ukue, na sasa hakujua amkaribishe mgeni au ampime.

Tatizo lilikuwa kilio. Upepo ulilia kwenye matundu ya funguo na ndani ya sufuria tupu, ukalia mpaka Jumapili watu waliporudi kutoka kanisani. Patrobas alieleza kwamba kimbunga hupewa jina na wataalamu kikishakua, na huu ulikuwa bado mchanga, ndiyo maana unalia. Kwao Bungoma, mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Akinyamaza kwenye jina fulani, basi mwenye jina ndiye aliyemtaka.

"Kwetu Murang'a hakuna kumuuliza mtoto," Mbuthia alisema. "Wa kwanza hupewa jina la babu yake, awe analia au anacheka."

Patrobas, ambaye alikuwa mzee wa kanisa la Marafiki, aliangalia huku na huku kwanza kuhakikisha mchungaji hayupo. Kisha akaanza. Aliita Wekesa. Akaita Mulama, akaita Situma, akaita mashangazi. Upepo ulizidi kulia, na katika kuzunguka ukapindua beseni la Khalayi na nguo zote zikamwagika kwenye vumbi.

Khalayi alikuwa mke wa Javan, mdogo wake Patrobas. Tangu Februari Javan alikuwa hajarudi kutoka kiwanda cha vitambaa alikokoroga matangi ya rangi. Kiwanda kilisema ametoroka kazi. Wazee wa nyumbani walikuwa wametuma neno kuuliza kama wamlie au wamngoje, na Khalayi hakuwa na jibu la kuwarudishia. Hakunyoa nywele kama mjane na hakuweza kukaa kama mke. Kila asubuhi aliamka na swali lile lile, nalo lilikuwa likimmaliza.

Lakini mazoea ni mazoea. Miaka yote ya ndoa yao, kitu kikianguka nyumbani, alijua ni nani amekiangusha.

"Javan!" akafoka. "Si uangalie unapopita, wewe!"

Upepo ukanyamaza. Shuka zilining'inia wima, kisha manyunyu yakaanza, nayo yalikuwa ya buluu. Ilikuwa buluu ya sare za shule, ile iliyopikwa kwenye kile kiwanda, na kila mzazi pale uani aliitambua.

"Huenda ni bahati tu," Mbuthia alisema kwa sauti ya chini. "Jaribu tena."

Patrobas aliita Wekesa na upepo ukaanza kulia. Akaita Javan ukatulia. Alirudia mara nyingi, na kila mara ikawa vile vile.

"Shemeji," Khalayi akauliza, "wanaoitika ni waliokufa peke yao?"

"Ni hao tu."

"Basi kiwanda kiniambie mwili uko wapi, nimpeleke nyumbani."

Jumatatu asubuhi walivuka reli wote watatu kwenda kiwandani, na upepo ukawafuata juu kidogo ya kitambaa cha kichwa cha Khalayi. Langoni walimkuta Ngigi, karani wa wafanyakazi. Khalayi alimweleza yote bila kulia. Ngigi aliutazama upepo, ukamdondoshea buluu kwenye shati, naye akapangusa bila kushtuka.

"Mama, unasema bwanako amekufa, na umekuja naye," alisema. "Maiti hairipoti kazini."

"Lakini ni upepo!" Patrobas akapaza sauti.

"Mzee, tulimwandika Javan. Hatukuandika lazima awe na miguu. Na chumba cha kukaushia hakina feni tangu juzi."

King'ora kikalia. Upepo ulipokisikia ulijikunja, ukaingia langoni pamoja na watu wa zamu. Patrobas aliuita kwa jina mara nyingi na haukugeuka. Baadaye kidogo, kupitia dirisha la juu, waliona vitambaa vimeanza kupepea.

"Sasa wazee nitawaambia nini?" Khalayi aliuliza.

Patrobas aliondoa macho dirishani. Alimtazama Mbuthia, na Mbuthia, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kubisha.

Wanaume walirudi kazini kwao. Khalayi alibaki ameketi kwenye jiwe mkabala na lango mpaka jioni, wafanyakazi walipotoka na mikono yao ya buluu. Walimpita wakiangalia chini. Alimtazama kila mmoja na juu ya kila mmoja, hadi wa mwisho akatoka na Ngigi akaanza kufunga lango kwa mnyororo.

"Na Javan?" akauliza.

"Nenda nyumbani, mama," Ngigi alisema. "Yuko ovataimu."