Hati Chini ya Kuku

Mjukuu wangu alifika mchana na begi la magurudumu, akiliburuta kwenye vumbi kama mtu anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda. Mkono wa pili ameshika gambuti mpya, karatasi ya bei bado inaning'inia.

"Mke wangu, hujambo?" akaniita kutoka mbali. Huo ndio utani wetu tangu hajaota meno.

"Sijambo, mume wangu. Umekuja kunioa au kunizika?"

"Nimekuja kulima."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Miaka kumi na miwili amekaa ofisini mjini, anaandikisha watu bima. Sisi huku tunamwita Tai, maana hata kwenye msiba wa babu yake alishika sepetu amevaa tai. Mtu wa namna hiyo haamki siku moja akatamani jembe. Ana lake jambo, nikasema moyoni.

Shamba langu ni eka moja na nusu. Ndilo linalonilisha, ndipo nyumba yangu ilipo, ndipo alipolala babu yake. Likiondoka hilo, mimi sina pengine pa kuweka kichwa.

Kesho yake, chai haijapoa, akaniuliza, "Bibi, hati ya shamba unaiweka wapi?"

"Ya nini?"

"Nataka kuiangalia tu."

"Ipo," nikamjibu, nikamwongezea chai.

Alipokwenda kuoga niliitoa sandukuni, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, nikaisukuma chini ya kuku wangu mwekundu aliyekuwa anaatamia kwenye tenga, kona ya jikoni. Kuku yule ana roho mbaya. Alishamdonoa Tai asubuhi ile ile, na tangu hapo Tai akiingia jikoni anapita ukutani kama mwizi.

Siku ya tatu akaanza kupima. Alitembea shamba zima anahesabu hatua, midomo inamchezacheza, akavuta kamba, akachomeka vigingi. Shoga yangu, fundi cherehani, alikuja kunipima gauni, akasimama mlangoni na pini mdomoni.

"Shoga, mjukuu wako anapima."

"Naona."

"Kwa shemeji yangu mwanawe alianza na vigingi hivi hivi. Wiki mbili baadaye watu wanachimba msingi, na mzee anaulizwa yeye ni nani pale."

"Usinitishe bwana."

"Sikutishi. Nakushonea gauni, nataka kujua utalivaa ukiwa umekaa wapi."

Jioni nilizunguka nyuma ya nyumba kuokota kuni, nikamsikia anaongea na simu kwa sauti ya chini. "Eka moja na nusu, ndiyo. Udongo mzuri sana... Hapana, Bibi hajui bado. Usije mpaka nikuambie."

Kuni zilinishinda kubeba. Lakini sikumuuliza. Nimelea watoto sita mimi. Mtoto ukimuuliza mapema, anatunga uongo. Ukikaa kimya, anajisema mwenyewe. Nikakaa kimya, nikamwekea chakula.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi alfajiri kujaribu gauni, nikarudi alasiri. Nikaingia jikoni. Kwanza nikatazama tenga: kuku yupo, kanikazia macho. Halafu nikatazama juu ya meko. Patupu.

Mahindi yangu ya mbegu huwa nayaning'iniza pale na maganda yake, moshi uyapige miezi mitano. Yanakuwa meusi kama masufuria, na mdudu hayasogelei. Sasa zimebaki kamba tu. Nikasema, ameanza na mbegu, atamaliza na mimi.

Nikamkuta nyuma ya nyumba na mabeseni mawili ya povu. Mikono myeusi mpaka viwikoni, meno yote nje.

"Mke wangu, njoo uone! Mbegu zako zilikuwa masizi matupu. Nimezipukuchua, nimeziosha, nikaziacha zilowe tangu asubuhi ziwe safi kabisa."

Nikaingiza mkono kwenye beseni. Zilikuwa zimeshavimba. Mvua bado wiki tatu. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye matope ya sabuni.

"Bibi? Nimekosea?"

Nilimtazama machoni, nikamtazama tena. Mtu anayeuza shamba haoshi mbegu, anahangaika nazo za nini? Au ameziua makusudi, nikose cha kupanda, nichoke, nikubali kuondoka? Uso wa mtu anayeandikisha watu bima si rahisi kuusoma.

"Zinapandwa leo na kesho," nikamwambia, "au zinaoza. Na maji yatatoka kisimani kwa kichwa chako."

Nilingoja aseme ana dharura mjini. Alivaa gambuti, akachukua ndoo.

Siku mbili alipanda na kushuka kilima cha kisimani, karatasi ya bei inapepea mguuni. Mimi nadondosha mbegu, yeye anamwagia. Viganja vilimchubuka, akavifunga kwa ile tai yake, akaikata vipande viwili. Alinifanya nipande kwa kufuata kamba, kigingi mpaka kigingi.

"Kumbe vigingi ni vya mistari?"

"Ulidhani vya nini?"

"Na hati?"

"Nilitaka kujua mpaka, nisije nikampandia jirani."

"Mpaka ni ule mkonge, wewe! Ungeniuliza mimi. Na simu je? Bibi hajui nini?"

Akatua ndoo. "Niliacha kazi, Bibi. Nyumba tumeirudisha kwa mwenyewe. Mke wangu na mtoto wapo kwa mama mkwe, wanasubiri kuja huku. Nilitaka mahindi yaote kwanza, uone naweza, ndipo nikuombe."

"Mpigie. Hapa hapa, nisikie."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Mwanamke akasema, "Ameshajua?"

"Anakusikia."

"Uwii! Shikamoo Bibi. Hajaharibu kitu huko?"

"Marahaba, mama. Bado tunaangalia."

Siku ya saba tangu tupande, mahindi yakatoa vichwa. Si yote, mistari miwili ya bondeni ilioza. Iliyobaki ilisimama imenyooka, hata fundi alitoa pini mdomoni akasema mh.

Tai akachuchumaa kwenye mstari wa kwanza. Nikamwambia, "Walete wenzako. Na hati iko chini ya kuku. Ukitaka kuiangalia, kaichukue."

Akageuka akatazama jikoni. "Acha akae nayo."

Wanafika Jumamosi. Tenga nimelihamishia chumbani kwangu, mvunguni. Mume wangu sasa namwamini. Huyo mke mwenzangu, sijamwona akishika jembe.