Majibu ya Heshima

Binti yangu Mwiza anasoma michezo chuo kikuu. Hachezi, anasoma. Mimi nimefundisha mazoezi ya viungo miaka ishirini na saba katika shule moja hapa Gisenyi, kwa filimbi moja na mipira miwili, na sikuwahi kuambiwa kwamba kazi yangu ina vitabu. Siku aliponieleza kuwa somo lake linaitwa sosholojia ya michezo, nilimwuliza, "Sasa hiyo inapigwa kwa mguu au kwa mkono?" Hakucheka. Watoto wa siku hizi wamesoma mpaka mzaha umewatoka.

Mwaka huu ni wake wa mwisho, na ili amalize lazima aandike memwari, yaani kitabu cha utafiti wake mwenyewe. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini wasichana wa mji huu huacha michezo wakifika miaka kumi na minne? Alitakiwa ahoji wanawake ishirini na wawili waliosoma hapa. Nikamwambia, mwanangu, una bahati, nusu ya wanawake wa mji huu wamekimbia kwa filimbi yangu, nitakupeleka mwenyewe. Akasitasita. Mimi nikavaa suti yangu ya mazoezi, ile ya bluu yenye mistari, nikamtangulia mlangoni.

Jamani, tulivyopokewa! Kila tulipofika kiti kilifutwa, Fanta ikafunguliwa. Mukandutiye, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, aliwaacha wateja wamesimama. "Mwalimu! Karibu Mwalimu, ikala hapa!" Nikakaa. Mwiza akatoa karatasi zake, akawasha simu irekodi, akamwuliza aliacha michezo lini.

"Kuacha?" Mukandutiye akashangaa, huku ananitazama mimi. "Mi sijaacha. Mwalimu alitufundisha muzuri sana. Mi nacheza voliboli kila Jumamosi."

Nikatikisa kichwa kwa furaha. Yasmina, fundi cherehani, yeye alisema hukimbia kando ya ziwa kila alfajiri, mpaka kwenye mahoteli na kurudi. Sasa huyu Yasmina mimi namjua. Akitaka uzi duka la tatu kutoka lake hupanda pikipiki. Lakini siku ile nilimwamini, tena nikamwona amepungua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa tangu asubuhi.

Siku nne, wanawake ishirini na wawili, Fanta kumi na tisa. Nilirudi nyumbani nimejaa gesi na sifa.

Wiki iliyofuata Dokta Bahizi, msimamizi wa Mwiza huko chuoni, akapiga simu. Mwiza aliiweka mezani na kufungulia sauti, nadhani makusudi.

"Nimesoma majibu yako," Dokta akasema. "Kumbe Gisenyi hakuna mwanamke hata mmoja aliyeacha michezo. Kumi na saba wanacheza voliboli Jumamosi. Mji wenu una viwanja vingapi vya voliboli?"

"Ninavyovijua ni viwili, Dokta."

"Basi wanapanga foleni. Na hii sentensi, 'Mwalimu alitufundisha vizuri', nimeikuta mara ishirini na mbili. Huo si utafiti, Mwiza, hiyo ni risala. Ulipokuwa unawahoji, nani alikuwa amekaa karibu yako?"

Mwiza alinitazama mimi, na mimi nikatazama dari.

Dokta akampa siku sita. Alitaka wanawake wale wale wahojiwe upya, na juu yake alitaka maelezo ya angalau mwalimu mmoja aliyewafundisha. Asipoleta, hamalizi, atarudia mwaka mzima.

"Huyo Dokta wako ana wivu," nikasema simu ilipokatika.

"Baba," Mwiza akasema taratibu, "wewe ulikulia Karagwe, lakini hapa umekaa miaka karibu thelathini. Umewahi kumsikia mtu akimsema mgeni wake usoni? Tena mwalimu wake? Tena ameshamfungulia soda?"

Sikuwahi.

"Basi safari hii nakwenda peke yangu."

Peke yake! Nilinuna siku tatu, na mimi nikinuna huwa nanuna kweli. Nilinuna nikila, nikanuna nikisikiliza redio. Mke wangu aliniambia nikanune kitandani nimpishe afagie. Na kila jioni Mwiza alirudi amechoka, anaandika.

"Wanasema nini?" nikamwuliza siku ya tatu.

"Ni siri ya mhojiwa."

"Hata kwa baba?"

"Hasa kwa baba."

Siku ya nne uvumilivu ukanishinda. Nikachukua suruali isiyo na tatizo lolote, nikaifumua pindo kwa wembe, nikaenda nayo kwa Yasmina.

"Habari za mbio?" nikamwuliza. "Alfajiri ya leo umefika wapi?"

Yasmina akaacha kukanyaga cherehani. Alicheka mpaka akashika kitambaa chake cha kichwani kisidondoke. "Yoo, Mwalimu! Mi nilikudanganya, unisamehe. Mi nikimbie wapi na hii miguu?"

"Ulinidanganya kwa nini?"

"Ningefanya je? We uliikala pale na Fanta yako, na ile suti. Ningekusema namna gani mbele ya mutoto wako?"

"Kwani ungenisema nini?"

Alitazama pindo la suruali. Aliona lilivyokatwa na wembe, akatabasamu. Nadhani hapo alinihurumia.

"Bon. Mwalimu, mutoto wako anauliza kwa nini tuliacha. Iko mutu anaweza kuacha kitu hakuanza? Kila Alhamisi batoto banaume banacheza mpira, sisi tunaikala mu majani, tunashika mashati yao. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mi nilishika shati ya Dauda mpaka nikaolewa naye!"

Akacheka tena, na mimi nikacheka, maana Dauda namjua, na shati lake mpaka leo hushikwa na mkewe.

"Lakini mi nilikuwa na mbio," Yasmina akasema. Sasa hakuwa anacheka. "Kwa kweli nilikuwa na mbio. Siku moja nilikuja kusimama pale kwa mustari pamoja na batoto banaume. We ukaniambia, na hicho kitambaa kichwani utakimbia wapi, nenda kaikale. Hukuniuliza kama naweza. Donc, basi, nilienda."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema vizuri tu, Mwalimu. Haukukasirika."

Hapo ndipo paliponiuma. Ningekuwa nimekasirika pengine ningekumbuka. Nilikuwa na timu ya wavulana iliyochukua kombe la wilaya mara tatu, na kila mchezaji wa timu ile namkumbuka mpaka namba ya viatu. Lakini msichana aliyekuja kusimama kwenye mstari wangu, simkumbuki hata kidogo. Niliona aibu, nakwambia kweli. Yasmina akashona lile pindo bila kuniuliza zaidi, nikachukua suruali yangu nikaenda zangu. Njiani watu watatu waliniamkia, "Mwalimu! Mwalimu!", na kila salamu ilinichoma.

Nyumbani nilimkuta Mwiza mezani na makaratasi yake.

"Wamebaki wangapi?"

"Wanawake wamekwisha leo. Amebaki mwalimu." Hakuinua macho. "Nimeuliza walimu wawili, wote wamestaafu, wote wamekataa. Kesho kutwa ni mwisho."

"Na mimi je? Mimi nimekufa?"

"Baba, sikujua nikuulize vipi."

"Uliza tu. Jina usiandike, andika 'mwalimu mmoja'. Na Fanta usifungue."

Akawasha simu, akaiweka katikati yetu, akakaa wima kama karani wa wilaya. Akaniita "mheshimiwa mhojiwa". Mimi mwenyewe, baba yake!

"Mlikuwa na mipira mingapi?"

"Miwili."

"Wasichana waliipata kwa saa ngapi kila wiki?"

"Hawakuipata."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mkuu wa shule, wazazi, sketi, uwanja wenye mawe. Yote yalikuwa ya kweli, na yote yalikuwa ya kujificha.

"Kwa sababu nilitaka kombe," nikasema. "Mvulana akikosa mpira baba yake alikuja shuleni kugomba. Msichana akikosa, hakuja mtu. Basi nikaona wameridhika. Walikuwepo waliotaka kukimbia, nikawakalisha bila kuwauliza."

Mwiza akaandika. Akauliza mengine, nikajibu mengine, bila kuficha. Nikaanza hata kujiona mtu mwema. Nikasema moyoni, Kimenyi bwana, wangapi wangekubali makosa yao hivi? Nilikuwa karibu kujipigia makofi.

"La mwisho," akasema, "tunamwuliza kila mwalimu ambaye pia ni mzazi. Je, una binti?"

"Ninaye."

"Alipokuwa shule alipenda mchezo gani?"

Mwiza alisoma kwenye shule yangu miaka mitatu. Alhamisi zote hizo alikuwa pale uwanjani, hatua ishirini kutoka niliposimama na filimbi yangu. Nikatafuta. Voliboli? Mbio? Nilimwona amekaa kwenye majani na mashati mawili mapajani, na zaidi ya hapo sikumwona.

"Sijui," nikasema.

"Sijui pia ni jibu," akasema, akaliandika kama alivyoandika mengine yote. Kisha akazima simu, akaanza kupanga karatasi zake. Kazi yake ilikuwa imekamilika. Dokta Bahizi angepata alichotaka.

"Mwiza," nikamwita. "Ulipenda mchezo gani?"

Nilidhani ataniambia tena habari za siri ya mhojiwa.

"Kuruka juu," akasema. "Nilikuwa naruka kamba ya nguo, hapo nyuma ya nyumba, jioni ulipobaki shuleni na timu. Nilifika hapa." Akaweka kiganja chini ya kidevu chake. "Upande mmoja tuliifunga kwenye mti wa parachichi. Upande wa pili alikuwa ananishikia mama."