Kitita Kilichofungwa Mara Mbili

Mimi nimetembea sana, na katika kutembea huko nimejua kuacha kila kitu isipokuwa miraa. Niliacha shule darasa la tatu. Niliacha kazi ya barabara, nikaacha kambi ya bwawa kule Kiambere, nikaacha kibanda changu cha kunyoa nywele pale Gachoka. Mke wangu Nelius nilimwacha kwetu Igembe na mtoto wa miaka minne, nikisema naenda miezi mitatu. Niliporudi, msichana alikuwa na miaka kumi na tisa. Jina lake Karwirwa. Aliniamkia vizuri, kwa mikono miwili, kama anavyoamkiwa mgeni wa kanisa.

Nelius hakunifukuza. Alinionyesha chumba cha mbele walimokuwa wakiweka magunia ya maharagwe.

"Baba Karwirwa, utalala hapa. Lakini hayo majani yako hayaingii kwangu."

"Nimeacha," nikamwambia.

"Umeacha lini?"

"Leo."

Alicheka kwa pua. "Usiniambie umeacha. Niambie saa kumi utakuwa ukifanya nini."

Nilishangaa alijuaje. Saa kumi ya jioni ndiyo saa yenyewe. Kwa miaka thelathini, saa hiyo ikifika, mkono wangu ulikuwa ukiingia mfukoni wenyewe, kuwe na kitu kusiwe na kitu. Basi Nelius akanipa mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Kila saa kumi niende mtoni mara mbili, na mfukoni niweke mahindi ya kukaanga, ili mkono ukiingia ukute cha kushika. Kwetu miraa iko hadi mlangoni. Nilipita chini ya miti ya ndugu yangu Mukiri nikiangalia vidole vya miguu. Nilikaa hivyo wiki tano, nikaanza kujiona mtu.

Ndipo ikaja posa. Bundi, mfanyabiashara wa miraa pale Maua, mtu aliyezoea kupata, alimtaka Karwirwa. Kwetu posa haianzi kwa maneno, huanza kwa kitita cha miraa iliyochaguliwa, kilichoviringishwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna, amekubali, kinachobaki ni kuzungumzia mbuzi. Asiyetaka hukirudisha kama kilivyokuja.

Karwirwa alikuwa amesharudi Embu akisomea ualimu, akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Dallas. Mukiri alikwenda kumpigia simu kwenye duka la jirani. Akarudi na jibu.

"Hamtaki. Anataka amalize chuo. Anasema kitita kisiguswe, Jumapili wakija kuchukua jibu kirudishwe, na yeye Jumamosi atakuwa amefika." Kisha akaniangalia. "Na wewe amesema nikwambie anakuomba."

Lilikuwa ombi la kwanza la mtoto huyo kwangu tangu aote meno.

Kitita kilikuwa kimeletwa Alhamisi hiyo asubuhi. Mukiri alisema kikae kwake. Yeye ndiye aliyemlea msichana na kumsomesha, na mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Baba ni mimi." Kikawekwa chumbani kwangu, juu ya magunia.

Ijumaa ilinyesha tangu saa nane. Nelius alitega mabeseni chini ya paa yakajaa, mtungi ukajaa, hata sufuria. Saa kumi ikanikuta nimekaa kitandani sina pa kwenda. Mahindi yalikuwa yamekwisha na sikuwa nimeomba mengine.

Sitaki kusema ni shetani. Sikupigana na kitu chochote. Nilikuwa nasikiliza mvua kwenye bati, nikawaza habari za Kiambere, na wenzangu wa kambini. Nilipoangalia chini niliona maganda mekundu kati ya miguu yangu, nikajiuliza nani ametafuna. Shavu langu lilikuwa limejaa. Nilihesabu vijiti nilivyokwisha kuvua maganda, kumi na kimoja.

Nilitoka nje mvua ikininyeshea, nikachuma kwa Mukiri vijiti vya kufanana, nikavichomeka katikati, nikaviringisha majani yaleyale, nikafunga. Maganda nikayatupa chooni. Nelius alipopita aliniuliza mbona nimelowa. Nikasema nilikuwa naangalia mfereji.

Jumamosi Karwirwa alifika na begi lake. Kabla hajaketi aliuliza, "Baba, kiko salama?"

"Kiko."

"Asante, Baba."

Tangu nirudi alikuwa akiniita mzee. Usiku ule maharagwe ndani ya magunia yalilala, mimi sikulala.

Jumapili baada ya kanisa akaja Riungu, mjomba wa Bundi, na wanaume wawili. Tulikaa uani. Mukiri alitoa kitita, akasema kwa adabu kwamba msichana bado yuko masomoni, kwa hiyo tunakirudisha kama kilivyokuja.

Riungu alikipokea. Hakukifungua. Alikigeuza mara moja tu, akakisogeza karibu na macho.

"Mukiri, nani kwenu amewahi kufanya kazi ya mahema?"

"Kwa nini?"

"Kitita hiki nilikifunga mimi. Sisi husokota kamba ya mgomba, ncha tukaichomeka ndani. Fundo hatuna. Na hili hapa ni fundo la kufungia turubai."

Mkono wangu ulifungua bila kuniuliza, na ulifunga bila kuniuliza vilevile, kwa fundo la mahema tuliyofunga Kiambere.

Wale wawili walianza kucheka. "Mkwe alikuwa na njaa," mmoja akasema. "Hata hakutungoja."

"Baba ametafuna," Riungu akasema. "Basi tumeshakuwa watu wa nyumba moja. Tuzungumze mbuzi."

Karwirwa alikuwa amebeba sinia la chai. Aliliweka chini kwenye nyasi, polepole, vikombe visigongane, akabaki ameinama hapohapo. Hakuniangalia. Ningeangaliwa ningeona nafuu.

Nitasema kweli, nilitafuta wa kusingizia. Nilifikiria panya. Nilimfikiria hata Nelius. Miguu yangu iliangalia njia ya kwenda barabarani, maana hiyo nayo ni mazoea. Halafu nikasimama.

"Nimekula mimi. Si kwa kukubali. Nimekula kwa sababu ilikuwa saa kumi."

"Baba akila amekubali," Riungu akasema. "Hatumuulizi saa."

"Basi mimi si baba."

Nikaendelea. "Aliyemlea ni Mukiri. Mimi niliondoka akiwa na miaka minne, na hapa nimelala wiki ya sita, kwenye chumba cha magunia. Mukiri alitaka akiweke kitita kwake nikakataa, nikajifanya mwenye nyumba. Niliyetafuna ni mgeni. Nimeiba chenu, na binti wa watu nimemdanganya usoni."

Mukiri aliangalia chini. Riungu alikigeuza kitita tena. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mbaya.

"Mwizi hulipa," akasema mwishowe. "Utaleta kondoo dume. Na maneno uliyosema yabaki yalivyosemwa. Kitita cha msichana huyu hakitapita tena mikononi mwako, akiposwa na yeyote."

"Yabaki," nikasema.

Walikichukua kitita chao wakaenda. Karwirwa alirudi Embu Jumatatu alfajiri. Alimuaga mama yake, akamuaga Mukiri. Nilisikia viatu vyake vikipita nje ya mlango wangu, havikusimama.

Saa kumi Nelius aliweka mtungi mlangoni.

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Utalowa."

Nimelowa mara nyingi. Mabeseni yakijaa namwaga maji kwenye migomba, kisha naenda mtoni. Majirani waliniona nina wazimu. Miezi mitatu mkono uliendelea kuingia mfukoni, ukakuta mahindi, ukakasirika. Siku moja niligundua umeingia mfukoni nikiwa nimeshafika mtoni, umechelewa. Sisemi nimeacha. Neno hilo nimelitumia vibaya.

Miaka miwili baadaye Karwirwa, sasa mwalimu, aliposwa na mwalimu mwenzake anayeitwa Mwirigi, na safari hii yeye mwenyewe alimtaka. Kitita kililetwa, kikapita mlangoni kwangu, kikaenda kwa Mukiri. Hakuna aliyeeleza, wala aliyehitaji kuelezwa. Siku ya kukifungua wanaume walikaa uani kwa Mukiri, yeye kwenye kiti cha baba. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na majirani. Mzee mmoja mgeni aliniuliza mimi ni nani wa bibi harusi. Nikasema, "Mtu wa hapa."

Aliposogeza vijiti kwangu nilitoa mahindi mfukoni nikamgawia. Kisha nikainuka kwenda mtoni, maana chai ya wageni ilikuwa inataka maji.

Niliporudi nilimkuta Karwirwa mlangoni pa jiko, amevaa vizuri. Aliupokea mtungi mgongoni mwangu mwenyewe, nguo yake ikalowa begani.

"Leo umechelewa dakika kumi," akasema.

Sikuwa najua kwamba alikuwa akiangalia.

"Wa pili usichelewe," akasema, akayamimina maji, akanirudishia mtungi mtupu.